Amina Yangu Haikuwa Ruhusa

Musichana aliyevaa kitenge cha kuazima alikaa kwenye kiti mbele ya watu wote, akaweka telefone karibu na kinywa, akasema: "Allo, ni miye. Nimekaa kwa mulango wa jikoni, mafuta hayajapata moto." Watu wakacheka. Ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa, misa ya pili ilikuwa imetoka sasa hivi, na watu wa mradi mumoja walikuwa wametuahidi teatre na Fanta. Hata mimi nilicheka. Kiisha nikaacha kucheka, juu yale maneno yalikuwa yangu.

Musichana aliendelea. Alikuwa anajua kuigiza, siwezi kumunyima hiyo. Alivuta pumzi vile miye navuta, na pale ninaponyamazaga, alinyamaza. "Miye ni Mama Mapasa," akasema. "Mumoja alinifia kambini, kule Mugunga. Huyu aliyebaki, nikimuangalia usoni namuona mwenzake. Kuna siku natamani asiwe mbele ya macho yangu."

Akainamisha kichwa. Wakapiga muziki kidogo wa huzuni kwenye bafle, yale maspika makubwa, na bwana mumoja mwenye fulana ya mradi akachukua mikro.

"Voilà, ndugu zetu. Huu ni ushuhuda wa kweli, wa mama wa kweli, wa hapa hapa Goma. Tumupigie makofi."

Wakamupigia makofi. Nyuma yangu alikaa mama mumoja anayenunua mandazi kwangu kila asubuhi. Nikamusikia anasema kwa sauti ya furaha, sawa mutu anayeona jirani yake kwenye televizyo: "Eh! Lakini huyu si Mama Mapasa wetu? Wa mandazi?" Hakuwa na ubaya. Benchi nzima ikageuka.

Binti yangu alikuwa kando yangu. Ndiye aliyebaki. Alikuwa amepakata mukoba wangu juu ya mapaja yake, ananipumuzisha. Akauweka chini kati ya miguu yangu, polepole, sawa mutu anarudisha kitu cha wenyewe. Akasimama, akapita mbele ya magoti ya watu, "pardon, pardon," mpaka mulangoni. Hakugeuka. Wale wa mradi walipofika kwa benchi yetu na kreti ya Fanta waliniwekea chupa mbili, yangu na yake.

Sasa niseme toka mwanzo, juu waliofanya hivi wanasema hawakufanya kitu.

Huku kwetu, mwanamuke akizaa mapacha, jina lake la zamani anaacha kule kule kwa uzazi. Toka siku ile ni Mama Mapasa. Mume anamuita hivyo, padri anamuita hivyo, wale wa kodi ya soko wanamuita hivyo wakimutukana. Jina langu la kwenye karata ya uchaguzi, mimi mwenyewe nikisikia linaitwa nachelewa kujibu. Muweke hiyo kichwani, tutairudilia.

Tulitoka Vitshumbi wakati wa vita moja ya zamani. Baba ya watoto alibaki kule, na mimi nilitembea na mapasa wangu, kijana na binti, wadogo bado, hawajaanza shule. Tukafikia kambini Mugunga. Aliyelala Mugunga anajua: unatandika mukeka juu ya mawe meusi ya volkano, na mawe yanakuamsha kila unapogeuka. Mvua zikaja, kipindupindu kikaja na mvua. Kijana wangu asubuhi alikuwa anakimbizana na mwenzake kati ya masheeting, yale mahema ya plastiki, jioni alikuwa amekwisha. Wanaume wa kambi walimuzika, na sururu ya kuvunja mawe. Mimi nilikuwa nimemukamata huyu mungine asikaribie.

Dada yangu alikuja kutuchukua, tukakaa kwake Munigi. Kiisha nikapata nyumba ya mbao Ndosho, nikaanza kukaanga mandazi. Miaka ikapita. Binti akasoma. Mimi niliishia mwaka wa ine wa primaire. Yeye sasa anajitayarisha kwa examen d'État, ule mutihani wa kumaliza sekondari, na kuna vitabu mezani kwetu ambavyo mimi ninavifuta vumbi tu. Tulikuwa watu wawili wanaoelewana bila maneno mengi. Nilikuwa nadhani ile ya Mugunga ilikwisha kunipita.

Lakini vita ikarudi, na watu wakajaa tena pale pale, kwenye barabara ya Sake, masheeting juu ya mawe yale yale. Mimi, muchuuzi, nikasema watu ni soko. Nikabeba ndoo ya mandazi nikaenda. Nikamukuta mama mumoja anaywesha watoto wawili wa kimo kimoja kwa kikombe kimoja, huyu akinywa mwenzake anamuvuta mukono. Sikuuza kitu. Ndoo nilirudi nayo imejaa.

Toka hapo mwili ukakataa. Ningewasha moto, ningeketi, moto ungezimika mbele yangu na mimi naangalia. Moyo ulikuwa unapiga sawa ninafukuzwa, na hakuna anayenifukuza. Na uso wa binti yangu, huo uso niliouosha na kuupaka mafuta maisha yote, nikaanza kuuogopa. Alikuwa anakua, na kijana wangu alikuwa anakua ndani yake. Ile pua. Ule upaji wa uso. Akiingia kwa gafula, roho inaruka: wamerudi wote wawili. Kiisha naona ni mumoja.

Huo ndio ugonjwa wangu. Hauna damu, hauna kikohozi. Utauambia nani?

Kwenye kituo cha afya karibu na kwetu kulikuwa mama muuguzi, mutu muzima, mupole. Alinisikiliza, akasema: "Mama, dawa ya usingizi naweza kukupa, lakini wewe unahitaji watu. Uko na telefone?" Nikamuonyesha. "Nitakuingiza kwenye gurupe. Ni watu sawa weye. Hakuna dokta pale, hakuna wa kukuhubiria."

Nikaingia. Wengi kati yetu hatuandiki vizuri, kwa hiyo tulikuwa tunatuma sauti. Na tulikuwa na desturi zetu, sijui nani alizianzisha. Mutu akianza kusema, anasema kwanza amekaa wapi: niko kwa mulango, niko chini ya mugomba, niko chooni juu ndiko peke yake wananiachia nafasi. Hivyo tunamuona. Akimaliza, hakuna kumushauri. Kila mumoja anajibu neno moja, "nimesikia." Kama uko na la kwako linalofanana, unalileta. Kama hauna, unanyamaza. Ni hiyo tu.

Wasomi watacheka, lakini hiyo ilinisimamisha tena kwa miguu yangu. Nilikuwa nasikiliza nikikanda unga. Kulikuwa papa mumoja anayetengeneza chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kusukuma mizigo. Bibi yake wa ndoa na nyumba yake viliondoka pamoja kwa bomu. Alikuwa anasema, "Allo, nimekaa juu ya chukudu ambayo haijalipwa, na mwenyewe akikawia nitaikalia mpaka Kristo arudi." Unacheka. Kiisha anasema vile anaendelea kutandika kitanda upande wa bibi. Unalia. Yote kwa sauti moja. Moto wangu ukaacha kuzimika. Nikaanza kuuza tena.

Na desturi ya mwisho, musikilize hii vizuri. Mama muuguzi alikuwa amepanga telefone hivi: kila sauti inajifuta yenyewe kiisha juma moja. Juu ya mabwana wanaopekua telefone, juu ya watoto, juu ya askari kwenye barierè za barabarani. Alituambia: "Semeni. Kinachosemwa hapa hakibaki." Mimi nilisema yale niliyosema nikitegemea ahadi hiyo.

Siku moja akaingiza mutu mupya. Akasema, "Huyu ni dada mwenzetu, alipoteza kaka yake, mumupokee." Tukamupokea. Alikuwa kimya sana, lakini tunajua watu wanaokaa kimya, hatukumusukuma. Baada ya muda akatuma maandiko marefu ya Kifaransa. Marefu! Unasukuma kidole na bado hayajakwisha.

Sasa muelewe gurupe za kwetu. Kila asubuhi kuna mutu anatuma sala. Moja ya Kifaransa, imetoka Kinshasa au sijui wapi, imepita telefone mia, ndefu vile vile. Nani anaisoma mpaka mwisho? Unaona maandiko marefu ya Kifaransa asubuhi, unasema "Amina", unageuza mandazi. Ni adabu. Asiyesema Amina anaonekana ana kiburi. Basi tukasema. Mumoja "Amina", mungine "Amina kubwa", papa wa chukudu akatuma sauti: "Amina, na nyumba yako pia, dada." Na mimi nilisema Amina, na mikono yangu imejaa unga, nikitumia pua kubonyeza.

Baadaye nilikuja kuelezwa: yale maandiko hayakuwa sala. Yalikuwa yanasema kwamba yeye ni mutafiti, kwamba wanachunguza vile watu wa Goma wanatibiana roho kwa telefone, kwamba sauti zetu zitachukuliwa na kuwekwa, na asiyetaka aseme. Nani aliyesema hataki? Hakuna. Tulisema Amina.

Ni juma lililofuata ndipo nikasema lile neno la binti yangu. Nilikuwa kwa mulango wa jikoni, ni kweli, na mafuta hayajapata moto. Nilisema nikimuangalia usoni namuona mwenzake. Nilisema kuna siku natamani asiwe mbele ya macho yangu. Lakini sikuishia hapo! Nilinyamaza, juu ilikuwa ngumu kusema, kiisha nikaendelea katika sauti ile ile, bila kuachilia kidole. Nilisema: "Halafu anacheka. Kicheko ni chake peke yake, kijana hakuwa anacheka hivyo, kijana alikuwa anacheka ndani ndani. Huyu anacheka na mabega. Akicheka hivyo namurudilia, namuona yeye, na nashukuru Mungu aliniachia huyu. Nangojeaga kicheko chake muchana kutwa." Ndiyo nilisema. Wenzangu walijibu, "Nimesikia, nimesikia." Na huyu dada mupya, kwa mara yake ya kwanza, alituma sauti yake nyembamba: "Nimesikia, mama."

Alikuwa amesikia kweli. Alikuwa anaweka.

Nirudi kwa ile siku ya ukumbi. Nilifika nyumbani nikakuta binti amekwisha kuweka nguo na vitabu vya examen ndani ya mufuko. Hakulia. Afadhali angelia.

"Unaenda wapi?"

"Munigi, kwa mama mudogo."

"Mwanangu, yale maneno waliyakata. Kulikuwa mengine."

"Uliyasema, ao haukuyasema?"

"Niliyasema, lakini..."

"Mama, mimi nikiingia nyumbani unashituka. Toka zamani. Nilikuwa najiuliza ni kitu gani nilifanya. Sasa nimejua. Ni uso." Akafunga zipu ya mufuko. "Ulitamani nisiwe mbele ya macho yako. Basi."

Nikamuambia yale ya kicheko, yote, pale pale, nimemushika mukono. Akaniangalia na huruma, na ile huruma iliniua kuliko hasira. Akasema: "Unasema hivyo sasa juu walikusikia." Akasimamisha pikipiki ya abiria, akapanda, wakaenda.

Tangu hapo nakwenda Munigi. Dada yangu ananipokea, binti ananisalimia, "Bonjour, mama," ananiletea kiti, kiisha anaingia chumbani kusoma. Na amejifunza kitu kipya. Nikiwa pale, anakaa amenigeuzia mugongo. Akinipa maji, ananipa akiangalia pembeni. Ananificha uso wake, mutoto wangu, kwa kunihurumia. Na hacheki tena nikiwapo.

Kama ningekuwa na ile sauti yangu nzima, ningeiweka mezani mbele yake. Hangeweza kusema nimeitunga. Ilisemwa kabla ya haya yote, kwa watu ambao sikuwa nawadanganya. Lakini kwenye telefone yangu haipo, ilijifuta, vile tulivyopatana. Kwa wenzangu haipo. Iko kwa wale wa mradi peke yao duniani.

Basi nikaanza kuwatafuta, na nitawataja mumoja mumoja, kwa kazi yao, wao wanajijua.

Wa kwanza ni weye mama muuguzi. Nilikukuta kwenye kituo, unapima watoto kilo. Uliniona ukaweka kalamu chini.

"Mama Mapasa, hata mimi nimeumia."

"Umeumia wapi?"

"Sikujua watafanya teatre. Waliniambia ni kusoma tu, ni kitabu cha université."

"Uliniambia kinachosemwa pale hakibaki."

"Lakini mama, walituma maelezo. Mulikubali. Kila mutu alijibu."

"Tulijibu Amina!"

"Ndiyo, Amina ni kukubali."

Hapo ndipo nilikuvunjia heshima, na sitaomba radhi. Ulikuwa pale kila asubuhi. Ulikuwa unajua tunasema Amina kwa kila kitu kirefu. Papa wa chukudu aliwahi kusema Amina kwa tangazo la kuuza mega za interneti, ukacheka weye mwenyewe, ukatuma na kile kiuso cha machozi. Ulijua kwamba hakuna aliyesoma. Na yule "dada mwenzetu", ulijua kazi yake kabla ya kumuingiza. Mulango ulikuwa wako, na weye ndiye uliyeufungua.

Wa pili ni weye binti mutafiti. Nilikukuta kwa ofisi yenu, Himbi, kwenye ile nyumba ya geti la bleu. Mulinzi alinikalisha nje mpaka jua likanipata miguu. Ulitoka mwenyewe kunichukua, nguo safi, adabu tele, "Shikamoo mama," maji baridi mezani. Unasema Kiswahili cha kwetu, baba yako na mama yako wa Butembo, hauwezi kusema haukuelewa desturi za gurupe. Kaka yako kweli alikufa?

"Ndiyo, mama. Ni juu yake nilichagua kazi hii."

"Basi ulikuwa unaweza kusema na weye. Kwa nini haukusema?"

Ukaangalia meza. "Mutafiti haingii katika maneno, mama. Anatazama."

"Uliingia. Ulisema umenisikia."

Kiisha ukafungua kompyuta yako kunionyesha vile mulivyonilinda. "Angalia, mama. Jina lako tulitoa. Namba tulitoa. Kote." Kweli, pale penye lile jina langu la karata, ambalo hakuna mutu Ndosho analijua, mulikuwa mumeweka misalaba. Na chini yake nikasoma polepole, juu ilikuwa Kiswahili: Mama Mapasa, anauza mandazi, alifiwa Mugunga.

"Na hii ni nini?" nikauliza.

"Hilo si jina, mama. Ni... ni hali. Ni sawa kusema mujane."

"Mwanangu, nitoke hapa nisimame Ndosho niite jina lile mulilofuta, nani atageuka? Kisha niite hili."

Ulianza kulia, na miye, mujinga, nikakupa kitenge changu ufute. Lakini machozi hayakunipa kitu nilichofuata. Nikakuuliza: "Nani alikata?" Ukasema watu wa teatre walitaka fupi, kitu cha dakika mbili, kitu chenye kugusa watu, na kwamba mukubwa alichagua. Ukasema ile sehemu ya kicheko ilikuwa "inapunguza nguvu ya ujumbe."

Inapunguza nguvu! Nilikuwa ninamusifu mutoto wangu.

Wa tatu ni weye mukubwa wa mradi, dokta wa vitabu. Toka muji ulipobadilisha wakubwa kwa vita na mabenki yakafungwa, weye unalala ng'ambo ya mupaka, unaingia Goma muchana, na kila unaposema na mutu unaangalia saa, usije ukafungiwa barierè. Nilikungojea kwa geti. Ulinipa mukono.

"Mama, nasikitika sana kwa hayo ya familia."

"Sikuja kwa masikitiko, dokta. Nataka sauti yangu."

"Sauti gani?"

"Ile ya mandazi. Yote, mwanzo mpaka mwisho. Niiweke kwa telefone niende Munigi."

Ukatabasamu vile munatabasamuga. "Mama, hizo sauti haziko hapa. Ziko kwenye seva, inje ya inchi. Na sheria ya utafiti inakataza kuzitoa. Ni kwa kulinda siri."

"Siri ya nani?"

"Ya washiriki."

"Mushiriki ni mimi."

"Ndiyo, lakini tutahakikisha namna gani kama ni weye? Majina yalitolewa."

Wasomaji, mumusikie. Mbele ya parokia nzima, kila mutu alinijua ni miye. Mama wa kununua mandazi alinijua kwa sentensi moja, na sauti haikuwa hata yangu, ilikuwa ya musichana wa teatre. Lakini nikifika kudai kitu changu, hapo sijulikani tena. Nikakuambia, "Unanisikia ninavyosema sasa? Linganisha." Ukaangalia saa. Ukasema niandike barua, ya Kifaransa, kwa komite. Ukaingia ndani ya gari.

Gurupe ilikufa. Habari ilipita, watu wakaanza kutoka, kila asubuhi unaona ule mustari mudogo: fulani ametoka, fulani ametoka. Hakuna aliyetukana. Mama mumoja wa Munigi, ambaye lava ilimuchukulia kila kitu na ambaye alikuwa ameanza tu kusema, hakusema tena. Sijui anasema na nani sasa. Papa wa chukudu alibaki wa mwisho, akatuma sauti: "Allo. Nimekaa peke yangu katika gurupe sawa mutu aliyekuja kwa harusi siku isiyo yake." Kiisha na yeye akatoka. Alikuja Ndosho kunitafuta, na hakuulizia jina lolote zaidi ya lile la mapasa. Alininunulia mandazi, akakaa juu ya ndoo, akasema: "Mama, miye siku hizi hata padri akisema tuombe, nauliza kwanza: tunaomba nini?" Tukacheka. Nikasikia vile kicheko changu kilivyo kikavu.

Wananiambia kwamba uchunguzi ni muzuri. Labda. Labda kule wanakosoma kuna mutu amejua sasa kwamba watu wa Goma wanaponyana kwa kusema wamekaa wapi. Wangekuja kuniuliza uso kwa uso, ningewaeleza muchana mzima na ningewapa mandazi. Hawakutaka kuuliza. Walitaka tusijue wanasikia, juu mutu asiyejua anasikiwa anasema muzuri zaidi. Halafu ule muzuri wakauleta kwa bafle.

Barua niliandikisha. Jirani mwalimu alinisaidia Kifaransa. Wakajibu kwamba wamepokea. Mpaka leo ni hiyo tu, wamepokea.

Binti yangu ataingia kwenye examen karibuni. Anasomea kwa meza ya watu, Munigi, amenigeuzia mugongo. Mimi sitaki teatre ingine ya kurekebisha, sitaki fulana, sitaki kikao hoteli cha kusema samahani na chai. Nataka weye mama muuguzi, weye binti uliyesema umenisikia, na weye dokta wa saa, musimame mbele ya mutoto wangu, kwa macho yake, na mumoja wenu aseme: mimi ndiye niliyekata. Na mukuje nayo, ile sauti nzima, muiweke mezani, muiachilie mpaka mwisho, mpaka pale ninaposema anacheka na mabega.

Nani kati yenu alikata maneno yangu? Mumoja ajibu. Nakaa Ndosho, kwa mulango wa jikoni, mafuta yamekwisha kupata moto, na ninangojea.